Barua kwa mwanangu: unasita kwa msimamo au kwa woga?

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia usiku watu walipolala. Unasema kampuni ya upimaji wa ardhi hapa Dodoma mjini inakutaka, mshahara ni karibu mara mbili ya unaoupata halmashauri huko Bahi, lakini moyo unasita. Kisha ukauliza: "Mama, nitajuaje kama nasita kwa sababu ya ninachokiamini, au naogopa tu?" Sikutaka kulijibu kwa simu. Kwenye simu tungeambiana "Mungu atakuongoza" tukaagana, na mimi naamini atakuongoza, ila kuna mambo nataka uyasome taratibu ukiwa umetulia.

Woga ukiuhoji utaona unazunguka hapo hapo kwako: watu watanionaje, nikishindwa je, kampuni ikifa je. Kile unachokiamini kikihojiwa kinakutajia mtu mwingine. Na wewe umeshamtaja. Umeandika kwamba wananunua mashamba vijijini, wanayakata viwanja, na katika mafaili waliyokuonyesha hukuona muhtasari wa mkutano wa kijiji hata mmoja. Ulipoandika hivyo hukuwa unajifikiria wewe, ulikuwa unamfikiria mama mwenye ekari zake tatu za karanga ambaye shemeji zake watasaini karatasi yeye akiwa kisimani. Huo si woga, mwanangu. Ila pale uliposema wenzako watakuwa wanajua vifaa vya setilaiti kuliko wewe, huo ni woga mtupu, na uuache. Vifaa vinafundishika.

Kazi yako unaijua kuliko mimi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano wa kijiji uidhinishe. Maneno hayo yaliwekwa kwa ajili ya siku kama hizi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa Dodoma ni wa 1973, na sisi tulizeeka tukiusikia. Serikali ilipotangaza 2016 kwamba sasa inahama kweli, shamba ambalo mtu alikuwa analima uwele likageuka mali ya kugombewa. Treni ya umeme ikaanza 2024, na sasa mtu anatoka Dar es Salaam asubuhi, anaonyeshwa kiwanja, jioni yuko kwake. Mnunuzi ana haraka, dalali ana haraka zaidi, na kitu cha kwanza kurukwa ni ule mkutano, kwa sababu kukusanya wanakijiji kunachukua siku. Mpima asiyekubali kuruka ndiye pekee anayeweza kuwasimamisha, maana bila ramani hawana cha kuuza. Ndiyo sababu wanakutaka, na ndiyo sababu moyo wako unasita.

Nikupe langu la zamani. Nilipokuwa bibi shamba, mfanyabiashara mmoja wa mbegu alinifuata ofisini na mfuko wa mahindi. Nikaugeuza nikasoma nyuma: mbegu ya nyanda za juu, inakaa shambani miezi mitano na kitu. Wewe umekulia hapa, unajua mvua yetu inakuja Desemba, na Aprili ikishakatika ndiyo basi. Alitaka niitaje mbegu ile kwenye mikutano ya wakulima, na kwa kila mfuko utakaouzwa nipate changu. Nikamrudishia mfuko wake. Nikaendelea kuhimiza mtama na uwele, ingawa watu wanapenda ugali mweupe na hawakunishangilia.

Wapo waliosema nina moyo mgumu. Mimi najua kilichonibeba: mwezi ule sikuwa nadaiwa dukani, ada yenu ya muhula baba yako alikuwa ameshailipa kutoka kwenye mshahara wake wa reli, na nyuma ya nyumba kulikuwa na mbuzi. Mtu yule akanikuta sina shida ya fedha zake. Angenikuta mmerudishwa nyumbani kwa ada, ile "hapana" ningeitoa wapi?

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Ukisema unathamini haki ya watu wa vijijini, naamini. Lakini nitajua zaidi nikiona umepangaje maisha yako ili uweze kuitetea. Wazee wetu waliliona hili. Azimio la Arusha la 1967 halikuishia kumwambia kiongozi awe mwema. Lilimwekea masharti mapema: asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni. Masharti yale yalilegezwa na Azimio la Zanzibar la 1991, na watu bado wanabishana kama yalikuwa makali mno. Mimi nilipenda kwamba hayakumsubiri mtu mpaka ajaribiwe.

Kwa hiyo angalia mikopo. Mtumishi anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato, na unawajua wenzako waliokopa mpaka wakabaki na hiyo theluthi tu, kana kwamba ndiyo kipimo cha maisha. Mtu wa namna hiyo akiletewa ramani ya kusaini Ijumaa saa kumi, hawezi kubisha. Ukihamia kwenye mshahara mara mbili, ishi kwanza mwaka mmoja kwa matumizi ya Bahi. Usichukue mkopo wa gari. Najua unalitaka, na barabara ya vumbi nimeipita mimi pia, lakini hilo gari ndilo litakalosaini kwa niaba yako.

Sikuambii ukatae kazi. Kampuni binafsi si dhambi, na mpima mwadilifu anahitajika huko kuliko hata halmashauri. Nenda ukawaambie kabla ya mkataba: hutasaini ramani ya ardhi ya kijiji bila muhtasari wa mkutano wenye mahudhurio na sahihi, na pale shamba lilipo la mke na mume utataka kuwasikia wote wawili. Waombe waliandike kwenye mkataba. Usiseme kwa ukali wala kwa kuomba radhi. Sema kama unavyosema unahitaji mashine na gari la kwenda saiti. Wakikubali, nenda na baraka zangu zote. Wakisema "hayo tutayaona mbele ya safari," umeshajibiwa, na hutakuwa umepoteza chochote isipokuwa mchana mmoja.

Jambo la michango yako ya PSSSF, ule mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, muulize afisa utumishi kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Usikubali majibu ya kwenye korido.

Jumamosi njoo na huo mkataba ukiwa haujasainiwa. Mjomba wako atakuwepo, na yeye amesoma mikataba mingi kuliko sisi sote. Niletee na mchele wa Bahi kilo tano, nitakulipa.

Mama yako