Mtaji wangu ulitoka kwa mteja

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mwenye biashara mpya, asiye na dhamana, atoe wapi mtaji?" Mimi ni fundi cherehani, na nitajibu kwa kosa langu.

Nilianza na mkopo. Ulitoka upesi, nikanunua vyerehani viwili na majora ya kitambaa. Rejesho la kwanza lilikuwa baada ya siku 30. Oda yangu kubwa, sare za wafanyakazi, ikalipwa baada ya siku 75. Faida nilikuwa nayo, tena nono, ila ilikaa kwenye ankara, na mkopeshaji hapokei ankara. Nikauza cherehani kimoja kulipia deni lililokinunua.

Riba nayo ilinipiga chenga. Niliambiwa asilimia 20 kwa mwaka. Tuseme umekopa 1,200: riba 240, jumla 1,440, unarejesha 120 kila mwezi. Nafuu, sivyo? Lakini baada ya miezi sita deni la msingi limeshuka hadi 600, na bado unatozwa riba ya mtu anayedaiwa 1,200. Ukiipiga kwa deni linalopungua, ile 20 inakuwa kama 35. Siku hizi nauliza kwanza riba inakokotolewa juu ya kiasi kipi.

Safari ya pili sikukopa. Mteja alitanguliza nusu kabla sijashika mkasi, na muuza vitambaa akanipa mali kauli ya siku 30, yaani nachukua kitambaa leo, nalipa baadaye. Hakuna aliyeniomba hati ya nyumba. Muuza vitambaa alitaka tu kuona namlipa kwa tarehe, kwa hiyo nilianza kuchukua jora mojamoja, nalipa, narudi.

Mali kauli ina mtego wake pia. Mwaka 1976, kijijini Jobra, Bangladesh, mwalimu wa uchumi Muhammad Yunus alikuta mafundi wa vigoda vya mianzi wakichukua mianzi kwa mchuuzi kwa sharti la kumuuzia yeye, kwa bei anayoipanga mwenyewe. Deni la watu 42 lilikuwa dola 27 tu. Akalitoa mfukoni mwake, na kutoka hapo ikazaliwa benki ya Grameen, inayokopesha maskini bila dhamana. Kwangu mimi, muuza vitambaa akianza kuniuliza namshonea nani na kwa bei gani, nalipa deni lake nahama duka.

Kukopa kwa ndugu? Andikianeni karatasi, hata akiwa mama mzazi. Mwekezaji wa kununua hisa simzungumzii. Hana shida na fundi wa vyerehani viwili.

Benki niliiendea mwaka wa tatu, na taarifa za akaunti za miezi 12 na oda tatu zilizosainiwa. Nikaomba rejesho la kwanza lianze mwezi wa nne. Ofisa mikopo akakuna kichwa, akaingia ndani, akarudi: "Wa tatu." Nikasaini.