Kiingereza na Kamera Vijifunzwe Pamoja: Ushauri kwa Wanaoanza Upigapicha wa Habari

Wanafunzi wapya wa upigapicha wa habari huniuliza mara nyingi waanze na kipi, kukikazania Kiingereza au kuizoea kamera, na wengi wao huwa wamekwisha kujipangia miezi ya kozi za lugha kabla ya kuigusa kazi yenyewe. Baada ya miaka mingi ya kufundisha fani hii na kuhariri kazi za wanaoanza, ushauri ninaowapa ni kwamba wasiyatenganishe mambo hayo mawili hata kidogo. Yote mawili hukutana kwenye maelezo ya picha, yaani aya fupi inayokaa chini ya picha na kumweleza msomaji ni nani anayeonekana, anafanya nini, wapi, lini na kwa sababu gani. Picha nyingi zinazosambazwa na mashirika ya habari ya kimataifa husafiri na maelezo ya Kiingereza, na mhariri asipoyaelewa huiacha picha hata iwe nzuri namna gani. Karibu kila kinachohitajika ili kujifunza kuandika maelezo hayo, na kupiga picha inayostahili kuandikiwa, kinapatikana mtandaoni bila malipo, ila kimetawanyika, na mwanafunzi asiye na mwongozo hutumia muda mwingi kukusanya viungo vya tovuti kuliko kujifunza.

Anza na umbo la maelezo yenyewe. Shirika la Associated Press, lililoanzishwa mwaka 1846, lina utaratibu rahisi kuufuata: sentensi ya kwanza inaeleza kinachoonekana pichani kwa wakati uliopo, pamoja na mahali na tarehe, na sentensi ya pili inatoa usuli unaomsaidia msomaji kuelewa uzito wa tukio. Ni sentensi mbili tu, lakini tazama zinavyomdai mwandishi. Ya kwanza inadai kitenzi chenye mtenda anayejulikana, majina yaliyoendelezwa sawasawa, cheo cha kila mhusika, na vihusishi vya mahali vinavyoonyesha nani yuko kushoto na nani amesimama nyuma ya nani. Ya pili inamhamisha mwandishi kwenda wakati uliopita, na mara nyingi inamlazimu kutaja taarifa ameipata kwa nani. Mwanafunzi anayeandika maelezo ya namna hii kila siku, hata kwa picha za ukurasa mmoja wa gazeti, anafanya mazoezi ya sarufi yenye manufaa kuliko kurasa nyingi za kujaza nafasi zilizo wazi, kwa sababu kila sentensi anayoiandika inaweza kupimwa kwa kuilinganisha na kitu kinachoonekana kwa macho.

Sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tuna udhaifu wetu mahususi, na ni vyema kuujua mapema. Kiswahili hakimtofautishi mwanamume na mwanamke katika kiambishi cha nafsi. Ukisema anakimbia, umewasema wote. Kiingereza kinawatofautisha, na mwanafunzi anayeandika kwa haraka humgeuza mama kuwa baba bila kutambua. Katika mtihani wa lugha hilo ni kosa la sarufi na litamgharimu alama moja, lakini katika maelezo ya picha ni kosa la ukweli, ambalo gazeti linaweza kulazimika kulisahihisha hadharani. Udhaifu wa pili ni vile vijineno, “a” na “the”, vinavyotangulia nomino za Kiingereza kuonyesha kama kitu ni kile mahususi au ni kimojawapo tu. Ukivichanganya, msomaji ataelewa kwamba kijiji kina shule moja, kumbe zipo nne na wewe ulipiga picha katika mojawapo. Kwa mambo haya mawili ninapendekeza sehemu ya sarufi katika tovuti ya LearnEnglish ya British Council, ambayo ni bure na imepangwa kwa ngazi za mfumo uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, unaoanzia A1 na kuishia C2. Fanya kwanza jaribio lao la kupima ngazi, kisha ingia moja kwa moja katika ngazi yako, kwani nimeona wanafunzi wenye uwezo wa kati wakirudia masomo ya salamu kwa wiki nyingi kwa sababu tu waliogopa kuruka ukurasa.

Kamusi nazo zisikupe shida. Cambridge na Oxford wana kamusi za mtandaoni zilizoandikwa mahususi kwa wanaojifunza, zenye matamshi ya kusikiliza na mifano ya sentensi. Zitumie hizo kabla ya kukimbilia programu ya kutafsiri. Programu hiyo itakupa sentensi inayosomeka vizuri, lakini haikuwepo ulipopiga picha, wala haijui kama mtu unayemwita anayefanya kazi ni mfanyakazi wa kuajiriwa, mfanyabiashara au mtu aliyejitolea. Andika kwanza kwa maneno yako, hata yawe machache, ndipo uangalie penye shaka.

Kusikiliza ni eneo ambalo wapigapicha hulipuuza wakidhani linawahusu watangazaji. Mpigapicha wa habari huuliza majina, umri, vyeo na idadi katikati ya kelele, na kwa Kiingereza kumi na tatu na thelathini hukaribiana mno kwa sauti. Asiyezoea husikia moja na kuandika nyingine. BBC, ambayo ilianza kufundisha Kiingereza kwa njia ya redio mwaka 1943, ina vipindi vifupi vya bure, na kile kiitwacho 6 Minute English kinakuja na maandishi kamili ya mazungumzo. Sikiliza mara ya kwanza bila kutazama maandishi, ukiandika majina, namba na mahali tu kama ambavyo ungeandika kwenye daftari la kazini, kisha fungua maandishi ulinganishe. Anayeona kasi hiyo inamzidi na akumbuke kanuni ambayo Sauti ya Amerika iliianzisha mwaka 1959 katika matangazo yake kwa wanaojifunza: msamiati wa takribani maneno 1500, sentensi fupi, na usomaji wa polepole kuliko wa kawaida. Hata usipokuwa na kipindi cha namna hiyo mkononi, unaweza kupunguza kasi ya sauti kwenye simu yako, na kanuni ya sentensi fupi uihamishie katika maandishi yako mwenyewe.

Hazina kubwa kuliko zote ninazozijua, ambayo inafundisha lugha na picha kwa pamoja, ni kumbukumbu za picha zilizo wazi kwa umma. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni mkusanyiko wa picha za miaka ya 1930 na 1940 zilizopigwa kwa ajili ya taasisi za serikali ya nchi hiyo, zikiwemo negativu (filamu asilia ambazo picha husafishwa kutoka kwazo) takribani 175,000 za rangi nyeusi na nyeupe, nyingi zikiwa na maelezo yaliyoandikwa na wapigapicha au wahariri wa wakati huo. Fungua picha moja, yafunike maelezo yake, andika ya kwako, kisha linganisha. Zoezi hili halina gharama wala halichoshi, na kila picha ni mtihani mpya.

Chukua mfano wa picha maarufu ya Dorothea Lange, mmoja wa wapigapicha wa mkusanyiko huo, aliyoipiga Nipomo, California, mwezi Machi 1936: mama ameshika kidevu, macho yake yanatazama mbali, na watoto wawili wamemwegemea wakiwa wamegeuza nyuso zao. Maelezo yake katika kumbukumbu yanataja wachuma njegere walio mafukara, mama wa watoto 7, umri wa miaka 32, na mahali. Ni mafupi na yana takwimu, lakini hayana jina. Lange mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakumuuliza mama huyo jina lake, na dunia ilikuja kumfahamu Florence Owens Thompson mwaka 1978, zaidi ya miaka 40 baada ya uso wake kuenea kila mahali. Humwonyesha mwanafunzi picha hii nikamwomba aniambie ni nini kimekosekana, na mara nyingi hutaja mwanga au fremu kabla ya kufika kwenye jina. Katika kumbukumbu hiyo hiyo zimo fremu nyingine alizopiga Lange siku hiyo, zinazoonyesha hema na mazingira, kwa hiyo unaweza kufuatilia jinsi mpigapicha alivyosogea hatua kwa hatua hadi akaupata uso. Kwangu mimi, somo hilo la kusogea linazidi video nyingi za mafunzo zinazozungumzia aina za lenzi.

Kwa picha za miaka ya karibuni, tumia kumbukumbu ya World Press Photo, shindano la picha za habari lililoanza mwaka 1955, ambalo washindi wake wanaonekana mtandaoni bure pamoja na maelezo marefu kiasi. Soma maelezo hayo kwa sauti. Utagundua kwamba mengi hayasifii picha wala hayakuelekezi uhisi nini. Yanataja watu, mahali, chanzo cha tukio na kinachofuata.

Ukitaka kozi yenye mpangilio wa darasa, chuo cha MIT, kilichotangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka vifaa vya masomo yake mtandaoni bure, kina kozi ya upigapicha wa kumbukumbu na wa habari iliyofundishwa na B. D. Colen. Ninafurahi kila ninapowaeleza wanafunzi kwamba kozi hiyo iko chini ya masomo ya uandishi, maana inathibitisha kwa vitendo jambo ninalolisema tangu mwanzo. Haitoi cheti. Wanaohitaji kusukumwa na wenzao watazame pia kozi za bure za Knight Center, kituo cha mafunzo ya uandishi wa habari kilicho katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, ambazo huwa na tarehe na majadiliano ya washiriki.

Maadili hayawezi kusubiri mwaka wa pili. Kanuni za chama cha wapigapicha wa habari cha Marekani, NPPA, zinasomeka bure, ni fupi, na Kiingereza chake ni kizuri cha kuigwa: kuwa sahihi, kutokubali kutumiwa katika matukio ya kupangwa, kutobadilisha tukio unalolipiga, na kutohariri picha kwa namna inayopotosha. Rudi kidogo kwenye picha ya Lange. Kidole gumba kilichokuwa kimeshika mti wa hema kwenye kona ya chini kilifutwa kwenye negativu baadaye, na mengi yameandikwa kuhusu hilo. Mwaka 2014, Associated Press ilikatisha uhusiano wake na Narciso Contreras, aliyekuwa miongoni mwa washindi wa tuzo ya Pulitzer mwaka uliotangulia, kwa sababu aliondoa kamera ya video iliyoonekana kwenye kona ya picha yake ya Syria. Kamera ile haikubadilisha maana ya tukio, na bado kazi ilipotea. Mwanafunzi anayejifunza kuhariri kwa GIMP au darktable, programu ambazo ni bure na zinatosha kabisa, ajue tangu siku ya kwanza kwamba kurekebisha mwanga na kukata fremu ni jambo moja, na kufuta au kuongeza kitu ni jambo jingine ambalo chumba cha habari hakitalisamehe.

Kuhusu vifaa sina mengi ya kusema; simu yenye kamera inayokuruhusu kuchagua kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia, inatosha kuanzia. Kilicho muhimu zaidi ni kuijaza metadata ya picha, yaani taarifa zinazohifadhiwa ndani ya faili lenyewe la picha, kwa mfumo wa IPTC unaotumiwa na vyombo vya habari, ambao una nafasi za maelezo, jina la mpigapicha, tarehe, mji na nchi, kwa kuwa picha ikitengana na maelezo yake hubaki bila mwenyewe. Kumbuka pia kwamba picha iliyo wazi kutazamwa si lazima iwe huru kutumiwa: picha za World Press Photo zina hakimiliki, ilhali nyingi za mkusanyiko ule wa Maktaba ya Bunge hazina vizuizi vinavyojulikana, na kila ukurasa una sehemu ya haki inayopaswa kusomwa.

Bando likiwa dogo, pakua sauti na maandishi ya wiki nzima kwa mara moja, na usifungue tovuti zaidi ya tatu kwa kipindi kimoja cha masomo. Kisha mtafute mwenzako mmoja wa kubadilishana naye kazi. Mpe maelezo yako bila picha, umwombe achore kwa penseli kile anachokiona akisoma, hata kwa mistari tu. Akimweka mzee upande wa kulia ilhali yuko kushoto, au akichora watu wawili badala ya kundi, rudi kwenye vihusishi na wingi wa nomino, andika upya, umpelekee mtu mwingine ambaye hajaiona picha hiyo.