Sola inakata saa tatu usiku, tatizo ni paneli au betri?

SWALI: Habari zenu wahariri. Mimi ni mama wa duka dogo huku Kondoa, nina sola ya wati 100 na betri ya gari N70, nawasha TV ya inchi 32, taa nne, na nachaji simu za nyumbani na za majirani. Mwanzoni ilikuwa inafika asubuhi, sasa hata mwaka haujaisha saa tatu usiku ni giza. Fundi kasema niongeze paneli. Halafu mbona jua likiwa kali saa nane chaji inapungua kuliko saa nne asubuhi? Na friji ya kuuzia soda naweza kuongeza?

JIBU: Pole mama. Fundi kasema kweli, ila nusu tu.

Tuanze na hilo la saa nane. Paneli haili joto, inakula mwanga. Mwanga ukigonga zile seli za silikoni unasukuma elektroni, ndo umeme wenyewe huo, na joto likizidi kazi hiyo inaharibika, kila nyuzi moja juu ya 25 unapoteza kama asilimia 0.4, na paneli iliyolazwa juu ya bati mchana inafika nyuzi 60 kirahisi, kwahiyo wati kama 14 zako zimeshaondoka. Mwambie fundi ainyanyue upepo upite chini, aielekeze kaskazini na kuiinamisha kidogo mvua iioshe, na wewe ufute vumbi, maana kwa vumbi la huko kiangazi mmh.

Sasa hesabu. TV ya wati 50 kwa masaa sita ni wati-saa 300 (wati mara masaa), taa nne za wati 5 masaa hayohayo 120, simu tuseme 50, jumla 470 kwa siku. Paneli yako kwa jua zuri la masaa matano ingetoa 500 kwenye makaratasi, ila toa joto, vumbi, waya na hasara ya betri yenyewe, utabaki na 350 hivi. Yaani kila siku unachota kuliko kinachoingia, na hapo sijagusa siku za mawingu.

Na betri ya gari haikutengenezwa kwa kazi hiyo jamani, yenyewe inatoa umeme mwingi kwa sekunde chache injini iwake halafu inachajiwa palepale, ukiinyonya mpaka chini kila usiku na isijae mchana, sahani zake za madini ya risasi zinaota chumvi ngumu na haibebi tena. Hiyo yako imeshachoka, ukiongeza paneli peke yake utakuwa unajaza betri mbovu. Nunua betri ya sola yenyewe, usiiache ishuke chini ya nusu ya chaji, au kama mfuko unaruhusu chukua lithiamu, bei inauma lakini inadumu miaka mingi zaidi. Paneli ya pili ifuate.

Hapo ndo ubaya wa sola ulipo, hulipi luku ila betri inakudai kila baada ya miaka kadhaa, wakati paneli nzuri inafika miaka 25.

Friji kwa mfumo huo sahau kwanza. Na akija mtu na inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, eti upigie pasi mkatalie, pasi ya wati 1000 inavuta zaidi ya ampia 80 kwenye betri ya volti 12, waya zitaungua kabla shati halijanyooka.