Maji haba ya Craigendoran

Swali la wiki hii: kwa nini meli za mvuke zenye magurudumu ubavuni ziliendelea kuundwa hata baada ya Vita Kuu ya Pili, ilhali rafadha, yaani pangaboi la chini ya maji linalosukuma meli, ilikwisha kuzoeleka duniani kote? Wengi hujibu kwamba abiria walipenda ya kale. Sikubali. Ukitaka jibu, pima kina cha maji gatini.

Chukua mji wa Helensburgh, kwenye mlango wa mto Clyde huko Scotland. Mwaka 1812 Henry Bell, mwenye hoteli mjini hapo, alianza kuendesha meli yake Comet kati ya Glasgow, Greenock na Helensburgh. Injini yake ilikuwa ya nguvu za farasi 4 hivi, na dohani ndefu ilitumika pia kama mlingoti wa tanga. Mwanzoni ilifungwa magurudumu manne, mawili kila ubavu; haikusaidia kitu, jozi moja ikang'olewa.

Mwaka 1882 kampuni ya reli ya North British ilitaka treni zake zifike hadi kwenye gati la mji. Wenyeji wakakataa reli kupita ufukweni mwao, basi kampuni ikajenga gati na stesheni huko Craigendoran, kama kilomita moja na nusu upande wa mashariki. Abiria alishuka kwenye treni akatembea hatua chache tu hadi melini. Tatizo ni kwamba pale maji ni haba na tope hujaa, usipochimba, linarudi. Wapinzani wao waliokuwa na magati yenye kina walihamia kwenye meli za tabo, yaani injini ya mvuke inayozungusha rafadha: King Edward ilianza mwaka 1901, na Duchess of Argyll mwaka 1906. Craigendoran ikabaki na magurudumu. Mwaka 1935 waliiagiza Talisman yenye injini za dizeli zinazozalisha umeme, na mota ya umeme inayozungusha ekseli. Yaani injini waliibadilisha kabisa, magurudumu wakayaacha palepale. Na meli mpya ya 1946, Waverley, yenye urefu wa mita 73, ilihitaji maji ya kina kisichofika mita 2 ili ielee. Aliyewahi kuvuka fungu la mchanga kwa boti ya mashine maji yakiwa yamekupwa anajua rafadha inavyolipiwa.

Watu hudhani gurudumu lenyewe ni kitu duni, kama la kinu cha maji. Si hivyo. Kibao kikikazwa moja kwa moja kwenye mkono wa gurudumu, huyapiga maji kofi kinapoingia, na kinapotoka huyachota juu bure. Nguvu inapotea na meli nzima inatikisika. Kwenye Waverley kila gurudumu lina vibao 8 vya mbao, na kila kimoja kina bawaba. Fito za chuma huvishika na kuviunganisha na kitovu cha pili, ambacho kimesogezwa mbele kidogo ya ekseli. Gurudumu likizunguka, fito hizo huvigeuza vibao ili viingie na kutoka vikiwa karibu wima. Ubaya wake ni pini za bawaba. Zinafanya kazi ndani ya maji ya chumvi na mchanga, zinalika, zinaanza kugonga. Ufito mmoja ukikatika, kibao hupepesuka na kuvipiga vingine. Hapo hakuna la kufanya ila kusimamisha injini, na mafundi kuingia ndani ya kasha la gurudumu na nyundo na spana.

Injini ya Waverley ina silinda tatu zilizolala mshazari, na mvuke uleule hupita zote kwa zamu: kwanza ya kipenyo cha sentimita 61, kisha 99, mwisho 157. Silinda hukua kwa sababu mvuke ukipungua shinikizo unataka nafasi zaidi.

Kufunga meli gatini ndipo nahodha anapojulikana. Magurudumu yote mawili yako kwenye ekseli moja, hivyo huwezi kulipeleka moja mbele na jingine nyuma ili meli igeuke. Usukani nao uko tezi, yaani nyuma ya meli, mbali na magurudumu, haupati msukumo wa maji kama ule wa rafadha. Ukienda polepole mno, meli haikusikii. Kwa hiyo nahodha huja na mwendo, halafu huamuru kinyumenyume kwa nguvu. Meli hii ina upana wa mita 9 hivi kwenye ganda, lakini zaidi ya 17 kwenye makasha ya magurudumu. Hugusa gati kwa tumbo, omo (mbele) na tezi zikining'inia hewani kama mbao za pembea, hadi kamba nyepesi irushwe, amari, zile kamba nene, zivutwe na kukazwa. Wakati huohuo abiria wote hukimbilia upande wa gati. Meli inalala, gurudumu moja linazama mno na la pili linazunguka juujuu, na chombo kinaanza kupinda chenyewe. Ndiyo maana mabaharia huwasihi watu watulie katikati ya sitaha.

Meli nyingine ya magurudumu, Lucy Ashton ya mwaka 1888, ilihudumu Craigendoran hadi mwaka 1949. Baada ya hapo ganda lake lilifungwa injini nne za ndege za jeti, ili watafiti wapime ukinzani wa maji bila gurudumu wala rafadha kuyavuruga. Kwa kikongwe wa miaka sitini, si haba.

Gati la Craigendoran lilifungwa mwaka 1972. Miaka miwili baadaye Waverley iliuzwa kwa chama cha wahifadhi wa meli za aina hiyo kwa pauni 1, nayo ikarudi kubeba abiria mwaka 1975. Craigendoran haifiki tena. Treni bado zinasimama pale, lakini ng'ambo ya reli pamebaki nguzo za gati zilizooza, na tope ambalo hakuna anayelichimba.