Re: Barua ya kuomba takwimu za jela ya kaunti (Texas)

Mkuu, hiyo barua usiitume kwanza. Umeuliza mambo mawili, namna ya kuomba takwimu za vifo na bei za simu za mahabusu, ila mimi nimekwama hapo ulipoandika "naomba jumla ya waliofia jela tangu 2019". Hapo ndipo tulipoliwa sisi.

Tuliomba jumla. Kaunti ikajibu upesi, kwa heshima zote: wawili. Tukaibeba namba hiyo hadi kwenye kikao cha makamishna wa kaunti, tai shingoni, tukaisoma kwa sauti. Mama mmoja tunayesali naye akasimama: "Na mwanangu je?" Kijana wake alianguka selo, akakimbizwa hospitali, na akiwa kwenye mashine ya kupumulia, hajitambui, karatasi zikapitishwa kwamba ameachiwa kwa kujidhamini mwenyewe. Sijui alisaini kwa kidole gani. Alipokata roho alishakuwa mtu huru, kwa hiyo kwenye hesabu ya sherifu, yule anayeisimamia jela ya kaunti, hayumo. Na hesabu hiyo tulikuwa tumeisoma sisi, tena kwa mbwembwe!

Kuna bwana alitutoza hela ya semina akitufundisha eti "ombeni jumla tu, msiwachoshe na majedwali". Popote alipo, hela yetu imtokee puani.

Omba mstari mmoja kwa kila mtu: aliingia lini na saa ngapi, akatoka lini na saa ngapi, alitokaje, na siku anatoka alikuwa wapi. Jumla wanaipika wao. Mistari utaijumlisha mwenyewe. Ukikuta mtu "ametoka kwa dhamana" huku yuko kitandani hospitali, mfuatilie kwa mchunguzi wa vifo wa kaunti. Kisha linganisha na ripoti za vifo vya walio kizuizini, ambazo sheria ya Texas inataka zimfikie Mwanasheria Mkuu wa jimbo ndani ya siku 30. Hizo ni za umma.

Washington, yaani serikali kuu ya Marekani, usiitegemee. Sheria ya kuripoti vifo hivi ilitungwa mara ya kwanza mwaka 2000, na bado mwaka 2022 Seneti ilielezwa kuwa Wizara ya Sheria haikuhesabu vifo 990 vya magerezani na vya wakati wa kukamatwa, kwa mwaka wa fedha 2021 peke yake.

Kaunti ikikutisha na gharama, dai mchanganuo wa maandishi. Ikizidi dola 40 ni lazima wakupe, kabla hujalipa hata senti.