"Bora zaidi kuliko": je, "zaidi" imezidi?

SWALI: Ninafundisha Kiswahili darasa la sita, Lindi mjini. Mwanafunzi aliandika: "Korosho za msimu huu ni bora zaidi kuliko za mwaka jana." Nikakata "zaidi". Mwenzangu wa Kiingereza anasema nimemwonea mtoto. Nani yuko sahihi?

JIBU: Umemwonea, mwalimu, ingawa si sana. Sentensi ile haina kosa, ina uzito tu. "Kuliko" peke yake inatosha kulinganisha. "Zaidi" imekuja kutia mkazo. Mimi ningepiga mstari kwa penseli, kalamu nyekundu ningeiacha mezani.

Mwenzako anafundisha lugha ambamo kivumishi chenyewe ndicho kinachosumbuliwa. Happy huota mkia, kikawa happier na happiest. Careful, nacho cha silabi mbili, hukataa mkia na kudai more na most mbele yake. Clever hukubali yote mawili! Chetu hakiguswi. Korosho nzuri hubaki nzuri, iwe imezidi au imezidiwa. Ulinganishi unakaa nje yake. Hiyo "kuliko" ni ile ile ya "kijijini kuliko na visima", yaani ku-li-ko, neno la mahali. "Asha mrefu kuliko mimi": ni mrefu ukimpima kwa hapa nilipo.

"Zaidi" huwa ya lazima pale kinacholinganishwa hakitajwi: "Hizi nzuri, zile nzuri zaidi." Kuhusu "bora", zamani ningekuwa mkali kama wewe, kwa kuwa ndani yake mna harufu ya kuzidi. Lakini tunasema mbegu bora, elimu bora, bila kulinganisha na chochote. Neno limeshakuwa "zuri" la heshima, basi "bora zaidi" ipite. "Afadhali zaidi" siipitishi. Afadhali imetoka Kiarabu ikiwa tayari na maana ya kuzidi kwa ubora.

Kosa ninaloliona kubwa kuliko hilo ni kutotaja kinachopimwa. "Lindi ni mkoa mkubwa kuliko Mtwara." Kwa eneo, kweli, tena kwa mbali. Kwa watu, sensa ya 2022 ilihesabu Mtwara zaidi ya milioni 1.6 na Lindi takriban milioni 1.2. Mfundishe mtoto aseme "una eneo kubwa kuliko" au "una watu wengi kuliko". (Na mbele ya tarakimu ni "zaidi ya", si "kuliko".)

Kwa kilichozidi vyote, angalia upatanisho tu: mkoa mkubwa kuliko yote, korosho nzuri kuliko zote, mtoto mpole kuliko wote. Siku hizi mabango ya matamasha yanakata hata hicho kipande, yanaandika "kubwa kuliko", basi. Barabarani nacheka na kupita. Ukiikuta kwenye insha, mwalimu, hapo kalamu nyekundu itoe, uandike pembeni: kuliko nini?