Eksirei inapenya kifua cha mtu, vipi ishindwe na hewa?

Ndugu uliyeuliza jana: kama eksirei inapenya mwili, kwa nini Uhuru, ile satelaiti iliyorushwa hapa Ngomeni, pwani ya Kenya, tarehe 12 Desemba 1970, ilibidi ipande angani kutafuta eksirei za nyota? Si wangeweka darubini juu ya Mlima Kenya yakaisha? Mimi kazi yangu ni kupiga picha za eksirei hospitalini hapa Malindi, kwa hiyo nitaanzia chumbani kwangu. Yanayotokea mle ndiyo yanayotokea huko juu. Kinachotofautiana ni nishati ya miale na wingi wa maada iliyo njiani.

Kwanza, eksirei haipiti mwilini bure. Nikipiga kifua, sehemu ndogo sana ya miale ndiyo inayotokea upande wa pili. Mingine imefyonzwa: fotoni, yaani chembe moja ya mwale, imegonga atomu, ikamezwa nzima, na elektroni ya ndani ikachopolewa. Atomu nzito hufyonza kupita kiasi, ndiyo maana mfupa wenye kalsiamu hutoka mweupe. Nishati nayo ina neno kubwa. Fotoni ikiwa na nusu ya nishati, uwezekano wa kufyonzwa hupanda karibu mara nane. Kwa hiyo kiganja naweka kilovolti 50 na kitu, kifua zaidi ya 100. Weka za kiganja kwenye kifua uone: miale mingi zaidi inaishia kwa mgonjwa, picha inaharibika.

Mingine hutawanywa. Fotoni inagonga elektroni, inapoteza nishati kidogo na kushika njia nyingine, kama Arthur Compton alivyoonyesha mwaka 1923. Mgonjwa akiwa mnene, miale hiyo iliyopotea njia inaijaza picha ukungu, ndipo tunapotia gridi, wavu wenye vipande vyembamba vya madini ya risasi, ili ipite ile iliyonyooka tu.

Sasa njoo kwenye hewa. Hewa yote iliyo juu ya Malindi ina uzito sawa na maji ya kina cha mita 10. Kifua cha mtu ni kama sentimita 20 na kitu, tena ndani mna mapafu yaliyojaa hewa. Uhuru ilipima miale ya keV 2 hadi 20 (keV ni kipimo cha nishati ya fotoni), yaani hafifu kuliko mingi ninayotumia kifuani. Ya keV 2, katika hewa ya pwani, kwa wastani haifiki sentimita 2 kabla ya kumezwa. Ya keV 20 inajitahidi mita 10 hivi. Kileleni Mlima Kenya, mita 5,199, bado una karibu nusu ya hewa juu ya kichwa chako. Hapo huoni kitu.

Na eksirei hizo za angani zinatoka wapi? Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Katika mashine yangu elektroni zinakimbizwa zikagonge metali ya tangsteni, zinafungwa breki ghafla, na sehemu ndogo ya nishati yake inatoka kama eksirei. Iliyobaki yote ni joto. Uhuru ilionyesha kwamba makundi ya galaksi yanang'aa kwa eksirei, na chanzo ni kazi ileile ya breki: elektroni za gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii zinapita karibu na protoni, zinapinda, zinatoa fotoni. Gesi yenyewe ni nyembamba mno, elektroni elfu chache kwa kila mita moja ya ujazo, ila imetanda mamilioni ya miaka ya nuru. Cygnus X-1, chanzo kingine cha eksirei angani, ni habari nyingine: gesi ya nyota jirani inaporomokea shimo jeusi na kuchemka njiani.

Hata zile zisizofika zina faida. Gesi iliyo kati ya nyota hufyonza kwanza miale hafifu. Wanaastronomia wakiona upande wa chini wa spektra (mgawanyo wa miale kwa nishati) umeliwa, wanakadiria ni gesi kiasi gani iko njiani, kama ninavyousoma mfupa kwa miale iliyokosekana.

Kuhusu puto, aliloliuliza mwingine, kama lingeweza kupandisha darubini badala ya satelaiti: linafaa, lakini kwa miale mikali, kuanzia keV 20 au 30, likifika kilomita 40. Kwa ile ya keV 2 hata huko hewa iliyobaki juu inatosha kuizima.